Mchuzi wa Ua la Mgomba

Ijumaa ile adhuhuri, Persis alipotoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, aliona migomba yake mitano imekatwa maua. Mikungu yenyewe ilikuwa salama. Ni zile ncha nyekundu zinazoning'inia chini ya mkungu ndizo zilizokuwa zimetoweka. Kuzikata si jambo geni, kila mtu kijijini Kiogoro huzikata ili ndizi zinenepe, kisha humtupia ng'ombe. Lakini horini hamkuwa na ua hata moja. Maganda mekundu yalikuwa yamedondoka njiani, moja hapa, jingine pale, kutoka migombani hadi mlangoni mwa jiko.

Ndani alimkuta binti yake Linda ameketi kwenye kigoda, anabambua ua la tano. Ganda baada ya ganda alitupa, mpaka akafikia moyo mweupe uliolainika, akaukatakata na kuutumbukiza kwenye beseni la maji yaliyokamuliwa ndimu.

"Linda, hiyo si ni ya ng'ombe?"

"Najua, Mama. Leo ni yetu."

Persis alitua mzigo wake pale pale mlangoni. Binti huyu alikuwa amerudi majuma matatu tu yaliyopita, baada ya miaka saba ya kazi za nyumbani huko Dammam. Aliondoka akiwa msichana wa kucheka hovyo na kula chochote kilichowekwa mbele yake. Aliyerudi alikuwa mwanamke anayenusa kila sufuria kabla ya kupakua, anayesoma maandishi ya nyuma ya paketi, na ambaye siku ya pili tu aliificha chumvi. Persis aliisaka chumvi ile kutwa nzima. Alipoikuta nyuma ya gunia la wimbi, alidhani ameiweka yeye mwenyewe akasahau, na mpaka Linda alipokiri jambo hilo lilimtisha.

Lilimtisha kwa sababu ya daktari. Mwezi uliotangulia, kwenye zahanati moja ya mjini Kisii, daktari alimfunga mkononi ule mpira wa kupimia presha, akautazama, akaufunga tena. Akasema presha imepanda sana na figo zimeanza kuchoka. Chumvi aache, mafuta aache. Tena akasema presha ikiachwa hivi hivi huweza kuvuruga hata kumbukumbu. Persis alimshukuru, akarudi nyumbani, akaendelea kutia chumvi kama kawaida, maana hakuona vipi mboga zilizochemshwa kwa maji matupu zinaweza kuitwa chakula. Ila lile neno la kumbukumbu lilimganda. Tangu siku hiyo, kila alipokosa kukumbuka jina la mtu au mahali alipoweka kisu, moyo ulimwenda mbio.

"Ni nini unapika?" aliuliza.

"Kare-kare."

Kwa Kikisii kare ni zamani. Kusema kare mara mbili ni kama kusema zamani za kale, enzi za mababu. Persis alisimama akilifikiria neno hilo. Chakula cha zamani, cha maua ya mgomba? Mama yake hakuwahi kukipika. Nyanya yake pia, kadiri alivyokumbuka. Lakini je, alikumbuka vizuri? Linda alilitamka neno hilo kwa urahisi, kama anayetaja ugali. Persis akaona haya kuuliza zaidi. Akatoka, akampa ng'ombe majani.

Kwenye ua wa michongoma alikutana na jirani yake, Bathsheba, kiongozi wa akina mama kanisani, mtu ambaye hapitwi na habari.

"Mama Linda, mbona uso hivyo?"

"Si kitu. Linda anapika chakula cha kare. Cha maua ya mgomba."

Bathsheba hakupepesa macho. "Aa, hicho! Nyanya yangu mzaa mama alikuwa akikipika. Siku nyingi sana."

"Kweli?"

"Kabisa. Wewe hukumbuki?"

Persis alirudi jikoni. Basi kila mtu anakijua isipokuwa yeye.

Linda alikuwa ameshatoa sufuria ya nyama aliyoichemsha alfajiri na kuiacha ipoe. Mafuta yalikuwa yameganda juu, meupe, mazito kama kifuniko. Aliyachota yote kwa kijiko akayatupa kwenye majivu. Persis aliguna kana kwamba amefinywa. Mafuta yote yale! Halafu karanga zikakaangwa kavu kwenye kikaango, bila hata tone la mafuta, zikamenywa, zikawekwa juu ya jiwe la kusagia. Linda akapiga magoti akaanza kusaga. Harufu ilijaa jikoni. Persis alikaa kando akikata mishiri, yale maharagwe mabichi membamba, na biringanya kama alivyoagizwa, akingoja chumvi itoke ilikofichwa. Chumvi haikutoka. Kilichotoka ni kitunguu saumu, tangawizi, ndimu mbili, na unga wa wimbi uliokaangwa kidogo, ambao Linda alisema utafanya mchuzi uwe mzito.

Ghafla aliona jiwe limesimama. Linda alikuwa ameinama juu ya karanga, mabega yakitikisika.

"Mwanangu! Umejisaga kidole?"

"Hapana."

"Sasa?"

Linda alijifuta kwa kiwiko. "Ni Nena. Tulikuwa tukifanya kazi nyumba moja. Yeye ndiye aliyenifundisha hiki chakula. Alikuwa akikipika kila sikukuu, na mkia wa ng'ombe, na uduvi uliosagwa ukaozeshwa kwa chumvi. Alikuwa na presha kama yako, Mama. Nilimwambia apunguze. Nikabuni hii njia nyingine, bila chumvi, bila mafuta. Alikuwa akinicheka." Akazikusanya karanga kwa kiganja. "Figo zake zilishindwa. Nilimwacha hospitalini."

Persis aliyasikia yale alikuwa, alikuwa, alikuwa, na akayaelewa kama yeyote angeyaelewa. Akaweka kisu chini. "Pole, mama. Alikuwa mtu wa wapi?"

"Ufilipino."

Hapo ndipo mambo yalipomchanganya Persis kabisa. Wafilipi aliwajua, wale wanaotajwa kanisani, watu wa enzi za mitume. Hakujua kwamba bado wapo, tena wanafanya kazi Uarabuni. Chakula ni cha kare. Marehemu ni Mfilipi. Bathsheba anasema nyanya yake alikipika. Alijaribu kuviunganisha vitu hivyo vitatu na kila alipovikutanisha viwili, cha tatu kilimponyoka. Lakini machozi ya mtoto wake hayakuhitaji maelezo. Alimshika bega, akamwacha asage.

Jua lilipokuwa linakaribia kuzama na Sabato kuingia, sufuria ilikuwa imeshaepuliwa na jikoni kumefagiwa. Persis alipita kwa Bathsheba kumrudishia ungo wake. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Linda amefiwa na rafiki yake Nena, Mfilipi, na kwamba binti anaumia kimya kimya.

Asubuhi iliyofuata kanisani, wakati wa maombi, Bathsheba alisimama. Aliomba washarika wamkumbuke binti Linda, aliyempoteza dada mpendwa katika nchi ya mbali ya Filipi. Wachache waligeuka kutazamana. Linda hakuwepo kusikia, kwani alikuwa amebaki nje kwenye kivuli na watoto wa dada yake. Persis alisikia, akainamisha kichwa, akasema amina.

Baada ya ibada Bathsheba alikuja nyumbani na akina mama wawili, leso mabegani, nyuso za matanga. Mume wa Persis, mzee Obadiah, aliyekuwa karani wa kituo cha majani chai mpaka alipostaafu, aliwakaribisha sebuleni ingawa hakujua wamekuja kwa ajili gani. Mkewe hakuwa amemwambia lolote. Linda alifurahi kuona wageni. Alipasha mchuzi moto, akaandaa na wali.

Walikula. Mchuzi ulikuwa wa rangi ya udongo kwa sababu ya wimbi, mzito, ukinukia karanga, na ndani yake moyo wa ua la mgomba ulikuwa laini, wenye uchungu kidogo kama wa mboga za kienyeji. Persis alitafuna akiitafuta chumvi. Ulimi ulikwenda mahali ilipozoea kuwa, haukuikuta, ukarudi. Ndimu ilijitokeza, kisha tangawizi. Hakujua kama ni kitamu. Alichukua kijiko cha pili ili ajue, kisha cha tatu, na bado hakujua.

"Ni kile kile," alisema Bathsheba. "Kama cha nyanya yangu."

Linda alimtazama kwa mshangao. "Nyanya yako alifika Ufilipino?"

"Ufili... nini?"

"Hiki ni chakula cha Ufilipino. Visiwa huko mashariki ya mbali, mtu huenda kwa ndege kutwa nzima. Nimekibadilisha tu kidogo kwa ajili ya Mama."

"Lakini si ulisema ni cha kare?" Persis aliuliza.

"Jina lake ndilo hilo, Mama. Kare-kare. Si kare yetu."

Persis alimgeukia Bathsheba. Bathsheba aliangalia ndani ya sahani yake kwa makini sana. "Nyanya yangu alijua watu wengi," alisema hatimaye, na mmoja wa wale akina mama akakohoa ndani ya leso. Persis alihisi kitu kinalegea kifuani. Kumbe hakuwa amesahau. Kumbe hakukuwa na cha kukumbuka.

Lakini Bathsheba alitaka kuyaacha hayo upesi. Alifuta mdomo, akamshika Linda mkono. "Hata hivyo tumekuja kukupa pole. Mungu akutie nguvu kwa huu msiba."

"Msiba gani?"

"Wa dada yako. Yule Nena. Tumekuombea kanisani leo."

Uso wa Linda ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji. Aligeuka polepole kwa mama yake. "Nena amekufa? Nani amekuambia? Wamepiga simu hapa?"

"Si wewe uliyeniambia?" Persis alisema.

"Mimi? Mimi nilikuambia amekufa?"

"Ulilia! Ulisema alikuwa hivi, alikuwa vile. Ulisema figo zimeshindwa."

"Nilisema nilimwacha hospitalini!"

"Basi yuko hai?"

"Sijui!" Linda alisema, na sauti ikapasuka. "Sijui, Mama. Sijui."

Obadiah aliweka kijiko chini. "Ni nani amekufa?" aliuliza.

Ndipo Linda alipoyatoa, mbele ya wageni, kwa namna ambayo angeona aibu siku nyingine. Mwaka mzima alikuwa akimpikia Nena ule mchuzi usio na chumvi, naye Nena akila akilalamika. Ilipofika siku yake ya kuzaliwa, Nena alimsihi amwachie siku moja tu ale kama kwao. Linda akapika kare-kare yenyewe, mkia wenye mafuta na bakuli zima la uduvi wa chumvi. Nena alikula mpaka akalamba vidole. Siku ya tatu alianguka kwenye ngazi za nyumba ya tajiri wao. Walimpeleka hospitali. Mkataba wa Linda ulikuwa umebakiza siku tisa. Ulipoisha alipanda ndege bila kwenda kumuaga.

"Amenipigia," Linda alisema. "Au mtu amepiga kwa simu yake. Mara nyingi. Nimeogopa kushika. Ujumbe sijafungua hata mmoja. Nilidhani nikifungua nitakuta mtoto wake ananiuliza nilimlisha nini mama yake."

Persis alimtazama binti yake na kwa mara ya kwanza tangu arudi alielewa ile chumvi iliyofichwa, zile paketi zilizosomwa kama vitabu. Alikuwa amedhani ni majivuno ya Uarabuni. Kumbe ilikuwa hofu.

"Lete simu," alisema.

"Mama, hapana."

"Ilete."

Linda hakusogea, kwa hiyo Persis akaichukua mwenyewe mezani. Simu za namna ile hakuzizoea. Yake ilikuwa ya vitufe. Akamshurutisha binti yake aweke kidole ili ifunguke, akaonyeshwa jina, akaona kijipicha cha kamera, akakibonyeza kwa nguvu kama anayebonyeza kengele ya lango. Simu ikaanza kuita. Linda alifunika uso kwa viganja. Iliita, ikaita. Kisha kioo kikajaa uso wa mwanamke mwembamba, nywele fupi zenye mvi, taa imewashwa nyuma yake ingawa Kiogoro ilikuwa saa nane mchana jua kali. Persis alifundishwa tangu utotoni kwamba waliokufa wamelala na hawajui lolote, na hakika hawapokei simu. Hata hivyo ile taa ya mchana ilimtia wasiwasi.

"Linda?" mwanamke yule aliita. Akaona uso mgeni. Akasogeza macho karibu. Kisha akang'aa. "Baba?"

Persis alijua neno hilo katika lugha mbili, na akachagua isiyofaa. Nyumbani, kwa Kikisii, Linda humwita mama yake "baba," kama watoto wote wa Kisii, na mzazi wa kiume ni "tata." Lakini mtu akizungumza kigeni, Persis aliwaza, baba si ni yule wa Kiswahili? Akampa Obadiah simu. "Ni wewe anakutaka."

Obadiah alivaa miwani. Kiingereza chake cha ukarani kilikuwa bado kizima.

"Wewe ndiye Baba?" Nena alishangaa. "Linda alisema Baba ni mwanamke."

"Mimi ni mwanamume," alisema Obadiah kwa heshima.

"Sawa, sawa. Baba, sikiliza. Usile chumvi. Presha yako mbaya sana, Linda alilia usiku kucha alipopata habari. Figo zako zimechoka. Uniangalie mimi!" Akainua mkono uliofungwa bandeji karibu na kiwiko.

Obadiah alishusha simu polepole, akamtazama mkewe. "Figo zangu zina nini? Mbona mimi sijaambiwa?"

Hapo Linda alicheka. Kilikuwa kicheko cha ajabu, kilichochanganyika na kilio, na kwa kitambo Persis alishindwa kujua kipi ni kipi. Linda alimpokonya baba yake simu, akaisogeza usoni, akasema jina la rafiki yake mara tatu nne bila kuongeza neno.

Walizungumza kwa Kiingereza cha haraka kilichotiwa Kiarabu na maneno mengine ambayo Persis hakuwahi kuyasikia. Alishika kipande hapa, kipande pale. Obadiah, akiwa bado na shaka kuhusu figo zake, alitafsiri kadiri alivyoweza. Nena yuko kwao sasa. Mara tatu kwa wiki anapelekwa kusafishwa damu kwa mashine. Hawezi kazi tena. Amepiga simu mara kumi na mbili kwa sababu alitaka Linda amtumie namna ya kupika ule mchuzi usio na chumvi, maana binti yake hajui na anachompikia hakilambiki.

"Na ile siku ya kuzaliwa?" Linda aliuliza kwa sauti ndogo. Hilo Persis alilielewa bila kutafsiriwa.

Nena alisema maneno marefu. Obadiah alisikiliza hadi mwisho. "Anasema alikuwa na chupa ya ule uduvi wa chumvi chini ya kitanda miaka yote," aliwaeleza wanawake. "Kila usiku akila kwa kidole. Anasema binti yetu ni mjinga akidhani sahani moja ndiyo iliyomwangusha. Anasema samahani."

Linda alikuwa akilia, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka kwa namna Persis hakuwa ameiona tangu arudi. Alielekeza simu kwenye sufuria. Kelele za Nena zikajaa sebule. Mkia uko wapi? Mbona rangi ya matope? Hiyo nyeusi nyeusi ni nini? Linda alijibu wimbi, wimbi, na Nena akauliza wimbi ni nani. Bathsheba, ambaye hakuwa ameelewa hata neno, aliinua kijiko mbele ya kamera na kuonyesha kwamba ni kitamu. Kisha Nena akamtaka Baba halisi. Persis akashika simu. Walitazamana, wanawake wawili wasiojua la kuambiana. Nena aligusa kiuno chake upande wa nyuma, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwa Persis. Persis alitikisa kichwa naye. Alitaka kumwambia kwamba asubuhi ile kanisa zima limeambiwa amekufa. Hakujua aanzie wapi, wala kwa lugha ipi, kwa hiyo akasema tu asante, asante mono, yaani asante sana.

Wageni walipoaga, Bathsheba alimvuta Persis kando ya mlango.

"Sasa wiki ijayo nitasema nini kanisani?"

"Sema yuko hai."

"Nitaonekana namna gani?"

"Hilo mimi sijui," alisema Persis, na ilikuwa kweli.

Jumatatu Obadiah alikwenda mjini kupimwa figo. Alielezwa kwamba hazina neno, lakini hakuridhika, na kwa siku kadhaa akawa anaomba sahani isiyo na chumvi kama ya mkewe. Persis mwenyewe alirudi kwa daktari mwezi uliofuata. Presha ilikuwa imeshuka, si sana, ila daktari alitabasamu. Alimwuliza anakula nini siku hizi. Persis alifikiri jinsi ya kuieleza karanga, ua la mgomba, wimbi, Wafilipi ambao si Wafilipi, akaona ni safari ndefu mno.

"Chakula cha binti yangu," alisema.

Jumapili mchana Linda huketi barazani na simu, na Nena akipiga makelele kutoka upande wa pili huku binti wa Nena akishika mwiko. Persis huleta kigoda akaketi karibu, akichambua mboga zake. Hazielewi hizo lugha, na hajui bado kama anaupenda ule mchuzi. Huketi tu akisikiliza, na Linda anapocheka yeye naye hucheka, bila kujua ni kwa nini.